Kufundisha Wanafunzi wa Chuo Kujenga Tovuti Hai na Fikivu: Mwongozo kwa Mkufunzi wa Vitendo

Kila muhula unapoanza, wakufunzi wasaidizi wa vyuo vya hapa Dodoma wanaokabidhiwa vipindi vya vitendo vya utengenezaji wa tovuti huuliza maswali yaleyale. Nianze na lugha gani? Nitafundishaje darasa ambalo wengi hawana kompyuta zao? Intaneti ikikatika nifanye nini? Kisha huja lile la mwisho, linaloulizwa kwa sauti ya mtu anayetafuta ruhusa ya kuliacha: suala la watumiaji wenye ulemavu niliweke wiki ya ngapi? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa kufuata kazi yenyewe hatua kwa hatua. Jibu la swali la mwisho nalitoa hapa hapa: suala hilo halina wiki yake, kwa sababu linaanza kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa wa kwanza.

Tovuti hai, kwa matumizi ya mwongozo huu, ni ile inayopokea taarifa kutoka kwa mtumiaji, ikazihifadhi, kisha ikamrudishia ukurasa ulioundwa kulingana na taarifa hizo. Tovuti fikivu ni ile ambayo mtu asiyeona, asiyesikia, asiyeweza kushika kipanya, au anayesoma kwenye simu yenye kioo kilichopasuka katikati ya jua la mchana, anaweza kukamilisha shughuli iliyompeleka huko. Mambo haya mawili hukutana mahali pamoja, kwenye fomu. Mwanafunzi aliyejua kuandika fomu nzuri na kuipokea vizuri upande wa seva, yaani programu inayojibu maombi ya kivinjari, amekwisha kujua sehemu kubwa ya somo, na ndiyo maana kazi yote inayofuata imejengwa juu ya fomu mbili tu.

Nadharia iwe fupi. Waambie wanafunzi kwamba Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, na kwamba kipimo cha kiufundi kinachotumika duniani ni viwango vya ufikivu vya W3C (shirika la kimataifa la viwango vya wavuti) vijulikanavyo kwa kifupi kama WCAG, ambavyo toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Viwango hivyo vina ngazi tatu, yaani A, AA na AAA, na darasa lako lilenge AA. Mengine watayajua kwa mikono.

Mradi wa kufanyia kazi

Chagua mradi mmoja utakaotumika muhula mzima, na uwe jambo ambalo wanafunzi wamelipitia. Hapa napendekeza orodha ya vyumba vya kupanga karibu na chuo. Kila mwanafunzi aliyekosa nafasi bwenini amewahi kuzunguka Ng'hong'hona, Makulu au Chang'ombe akitafuta chumba, anajua tofauti ya chumba cha kawaida, chumba masta na chumba na sebule, na anajua maswali ambayo dalali huyakwepa. Mradi wa duka la mtandaoni, ambao umejaa katika vitabu vya kigeni, humlazimu mwanafunzi kubuni mahitaji asiyoyajua, na mtu asiyeyajua mahitaji huandika fomu isiyo na maana.

Yanayohitajika kabla ya kuanza

- Kompyuta moja kwa kila wanafunzi wawili au watatu. Kompyuta mpakato ya zamani yenye RAM ya GB 4 inatosha. Mwenye kushika kibodi abadilishwe kila baada ya nusu saa, la sivyo mmoja ataandika na wengine watatazama hadi mtihani.
- PHP (lugha ya programu inayofanya kazi upande wa seva) toleo la 8 au jipya zaidi, pamoja na SQLite. Tangu toleo la 5.4, PHP ina seva yake ndogo ya majaribio, na hifadhidata ya SQLite ni faili moja ambalo mwanafunzi hulibeba kwenye flashi. Vifurushi kama XAMPP ni vizuri, ila huleta seva ya Apache na hifadhidata ya MySQL na migongano ya milango ya mawasiliano, jambo linaloweza kula kipindi kizima cha kwanza.
- Kihariri cha msimbo, kama Visual Studio Code au Notepad++.
- NVDA, kisoma skrini cha Windows (programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini) kinachopatikana bure. Sauti yake ya eSpeak NG inajua Kiswahili.
- Simu ya Android angalau moja kwa kila kundi, TalkBack (kisoma skrini cha Android) ikiwa imejaribiwa na sauti ya Kiswahili imepakuliwa mapema.
- Vipokea sauti vya masikioni. Chumba chenye kompyuta ishirini zinazosoma kwa sauti kwa wakati mmoja hakifundishiki.
- Flashi mbili au tatu zenye vifungashio vyote vya kusakinisha na nakala ya marejeo ya PHP, ili somo lisitegemee bando la mtu yeyote.
- Mtu anayetumia kisoma skrini katika maisha yake ya kila siku, atakayealikwa mara mbili katika muhula na kulipwa kwa muda wake kama mtaalamu mwingine yeyote. Mkoa huu una shule ya wasioona ya Buigiri, wilayani Chamwino. Mwanafunzi asidhani kwamba watumiaji hawa ni watu wa nchi za mbali.

Usianze na Laravel, React wala mfumo mwingine wowote uliotayarishwa. Mifumo hiyo ni ya thamani kwa mtu anayejua inamfichia nini. Anayeanza nayo huishia kujua majina ya amri bila kujua ombi lilitoka wapi na jibu lilirudi vipi.

Hatua za kazi

1. Andaa folda ya mradi. Ndani yake tengeneza folda mbili: `wazi`, itakayobeba kurasa, na `data`, itakayobeba faili la hifadhidata. Seva iwashwe kwa amri hii ukiwa ndani ya folda ya mradi:

`php -S localhost:8000 -t wazi`

Onyo: hifadhidata ikiwekwa pamoja na kurasa, mtu yeyote anayekisia jina la faili ataipakua nzima, namba za simu za wenye nyumba zikiwamo. Wanafunzi wazoee mgawanyo huu kuanzia siku ya kwanza, kabla hata hawajajua sababu yake.

2. Andikeni ukurasa mmoja usio na rangi wala mapambo. Uwe na kichwa kikuu kimoja cha `h1`, sehemu ya viungo ndani ya `nav`, maudhui ndani ya `main`, na vyumba vitano vya mfano, kila kimoja na kichwa chake cha `h2`. Mstari wa pili wa faili usomeke hivi:

`<html lang="sw">`

Hapa ndipo kosa linaloongoza kwa wingi hutokea. Kiolezo kinachoandikwa na kihariri chenyewe huweka `lang="en"`, na mwanafunzi hakigusi kwa kuwa haoni tofauti yoyote kwenye skrini. Tofauti iko masikioni: kisoma skrini kitayasoma maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji hataambulia kitu. Wasikilizishe ukurasa uleule kwa hali zote mbili. Darasa litacheka, na halitasahau.

3. Ongezeni fomu ya kutafuta chumba. Itumie njia ya GET, inayoweka maneno yaliyotafutwa kwenye anwani ya ukurasa, ili matokeo ya utafutaji yawe na anwani inayoweza kutumwa kwa rafiki. Iwe na uga mmoja tu kwa sasa, wa kata:

```
<form action="tafuta.php" method="get">
  <label for="kata">Kata</label>
  <input id="kata" name="kata" type="text">
  <button>Tafuta</button>
</form>
```

Sisitiza kwamba thamani ya `for` na ya `id` zilingane herufi kwa herufi. Jaribio ni rahisi: bofya neno "Kata", na kiteuzi kikiingia kwenye kisanduku, lebo imeshikana na uga wake. Wapo watakaoacha lebo na kuandika maelezo ndani ya kisanduku kwa kutumia `placeholder`, kwa hoja kwamba inapendeza. Maelezo hayo hupotea mara mtu anapoanza kuandika, na mara nyingi rangi yake ni hafifu mno. Lebo haina mbadala.

4. Ondoeni vipanya. Hili lifanyike kwa vitendo: vipanya vikusanywe mezani kwako na padi za kompyuta mpakato zisiguswe. Kila mwanafunzi afike kwenye fomu, atafute na kufungua chumba kimoja kwa Tab, Shift pamoja na Tab, na Enter. Kisha wawashe NVDA, wafunike skrini kwa daftari, na kurudia kazi ileile. Wafundishe vitufe vichache tu: H kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, Insert pamoja na F7 kupata orodha ya viungo na vichwa, Ctrl kunyamazisha, na Insert pamoja na Q kuzima. Wengi wataelewa wakati huo kwa nini viungo vitano vyote vinavyosema "bofya hapa" ni tatizo, kwani katika orodha ya NVDA vinasikika "bofya hapa" mara tano mfululizo.

5. Leteni vyumba kutoka kwenye hifadhidata. Jedwali moja linatosha: namba ya chumba, kata, aina, bei kwa mwezi, maelezo, picha, maelezo ya picha, namba ya simu ya mwenye nyumba, na tarehe ya kuandikishwa. Bei ihifadhiwe kama namba kamili ya shilingi, bila mkato wala alama ya "/=". Usitumie muda mwingi kwenye kanuni za kupanga majedwali, kwa kuwa kwa kawaida zina somo lake. Lengo la hatua hii ni mwanafunzi aone kwamba ukurasa wenye vyumba vitano alivyoviandika kwa mkono sasa unatolewa na kitanzi cha mistari michache, na kwamba muundo wa vichwa alioujenga katika hatua ya pili haukubadilika hata kidogo.

6. Vunjeni ulizo, yaani ombi linalopelekwa kwenye hifadhidata, kwa jina la mahali. Hatua hii ipewe kipindi kizima. Waache kwanza waandike ulizo la SQL (lugha ya hifadhidata) kama wanavyolikuta mitandaoni, kwa kuunganisha maneno:

`"SELECT * FROM vyumba WHERE kata = '" . $_GET['kata'] . "'"`

Wakitafuta Makulu, vyumba vinakuja. Wakitafuta Nzuguni, vinakuja. Wakitafuta Ng'hong'hona, ukurasa unaanguka kwa kosa la sintaksia. Usiwape jibu haraka. Waulize hifadhidata imeona nini, mpaka mmoja wao agundue kwamba ritifaa (alama ya ') ya jina lenyewe imefunga maandishi kabla ya wakati, na kilichobaki kikasomwa kama amri. Kisha waandike kwenye kisanduku cha kutafutia:

`' OR '1'='1`

Vyumba vyote vitatokea, hata vya kata ambazo hawakuziomba. Hapo utakuwa umewaonyesha hatari ya uchomekaji wa amri za SQL bila kutaja mdukuzi wa Ulaya wala wa Marekani; mkazi wa Chang'ombe anayeandika anwani yake kwa usahihi anatosha kuiangusha tovuti. Tiba ni amri iliyoandaliwa kabla, ambamo maneno ya mtumiaji hayachanganywi kamwe na maneno ya ulizo:

```
$ulizo = $db->prepare('SELECT * FROM vyumba WHERE kata = ?');
$ulizo->execute([$_GET['kata'] ?? '']);
```

Onyo: wapo watakaopendekeza kuifuta ritifaa kabla ya kutafuta. Wakatalie. Jina la mahali ni haki ya wenye mahali, na kasoro ya msimbo haitibiwi kwa kuharibu taarifa.

Katika kipindi hichohicho wafundishe upande wa pili wa jambo hili, yaani kutoa maandishi kwenye ukurasa. Kila kilichotoka kwa mtumiaji kipitishwe kwenye `htmlspecialchars()` wakati wa kukionyesha. Wakati wa kuhifadhi, kiingie kama kilivyo. Wanaochanganya nyakati hizi mbili watarudi kwako na tatizo ambalo nimelieleza mwishoni.

7. Jengeni fomu ya kuandikisha chumba. Hii ndiyo fomu ya pili na ndiyo moyo wa somo. Itumie njia ya POST, inayotuma taarifa bila kuziweka kwenye anwani. Ifanyeni kwa mpangilio ufuatao, wala msikimbilie kuipamba.

a) Kata iwe orodha kunjuzi badala ya kisanduku cha kuandika, kwa sababu watu huandika Ng'hong'hona na Ng'ong'ona, na utafutaji utashindwa kuziunganisha. Utafutaji wa hatua ya tatu nao ubadilishwe kuwa orodha ileile.

b) Maswali ya kuchagua moja, mfano umeme wa LUKU ya peke yake au ya kuchangia, yafungwe ndani ya `fieldset` yenye `legend`. Bila `legend`, msikilizaji husikia "ya peke yake" pasipo kujua ni choo, ni mita au ni geti.

c) Bei ipokelewe kwa `type="text"` pamoja na `inputmode="numeric"`, ili simu ilete kibodi ya tarakimu. Uga wa `type="number"` unavutia kwa jina lake, lakini haukubali mkato wa maelfu, na gurudumu la kipanya linaweza kubadili bei bila mwandikaji kujua. Upande wa seva, ondoeni kila kisicho tarakimu. Hata hivyo kuna mtego: "60,000" itakuwa 60000 kama inavyotakiwa, ila "60,000.00" itakuwa 6000000, na "60k" itakuwa 60. Kwa hiyo wekeni kiwango cha chini na cha juu cha bei inayokubalika, na mrudishieni mwandikaji bei mliyoielewa, ikiwa na maneno "kwa mwezi", ili aithibitishe kabla haijachapishwa. Ni vizuri pia kuuliza kodi hulipwa kwa miezi mingapi mwanzoni, kwa maana mpangaji mwenye fedha ya mwezi mmoja hana faida na chumba kinachodai miezi sita.

d) Ukaguzi wa kweli ufanyike kwenye seva. Ukaguzi wa kivinjari ni msaada tu, na mtu yeyote anaweza kuukwepa.

e) Kosa likipatikana, fomu irudi ikiwa na kila kitu alichokiandika mtumiaji. Kumfutia mtu maelezo marefu kwa sababu ya tarakimu moja ya simu ni ukosefu wa adabu, na kwa anayeandika kwa shida ni kumfukuza. Kichwa cha ukurasa kianze na neno "Hitilafu", juu ya fomu kuwe na muhtasari wenye viungo vya kwenda kwenye kila uga wenye kosa, na kila uga uwe na ujumbe wake uliounganishwa hivi:

```
<label for="bei">Bei kwa mwezi, kwa shilingi</label>
<input id="bei" name="bei" type="text" inputmode="numeric"
  aria-invalid="true" aria-describedby="kosa-bei">
<p id="kosa-bei">Andika bei kwa tarakimu tu, mfano 60000.</p>
```

Ujumbe useme la kufanya. "Ingizo batili" ni maneno ya mashine. Mwenye nyumba wa Nzuguni hajui batili ni nini katika alichoandika. Wala kosa lisionyeshwe kwa rangi nyekundu peke yake, maana wapo wasioitofautisha nyekundu na kijani, na wapo wasioona rangi kabisa.

f) Fomu ikikubaliwa, seva imwelekeze mtumiaji kwenye ukurasa mwingine kwa jibu la 303. Asipoelekezwa, akibonyeza kuonyesha upya, chumba kitaandikishwa mara mbili.

8. Ongezeni picha na maelezo yake. Katika tovuti tuli, mtengenezaji huandika mwenyewe maandishi mbadala, yaani yale yanayosomwa badala ya picha. Katika tovuti hai, picha huletwa na mtu mwingine, kwa hiyo fomu lazima imwombe aieleze: "Eleza kinachoonekana kwenye picha kwa sentensi moja, mfano: chumba chenye dirisha moja kubwa, sakafu ya vigae, bila dari." Maelezo haya ndiyo yatakayoingia kwenye sifa ya `alt`. Wanafunzi wengi hujaza sifa hiyo kwa jina la faili, na msikilizaji husomewa mfululizo wa tarakimu za kamera. Punguzeni ukubwa wa picha kabla ya kuzionyesha. Mpangaji hapaswi kuchoma bando lake kutazama ukuta.

9. Sasa wekeni mwonekano. Maandishi ya kawaida yawe na uwiano wa tofauti ya rangi usiopungua 4.5 kwa 1 dhidi ya mandharinyuma yake, na maandishi makubwa 3 kwa 1. Vitufe viwe na upana na kimo cha angalau pikseli 24, ingawa kwa vidole vya kwenye daladala zaidi ya hapo ni bora. Mstari wa CSS (lugha ya mwonekano wa ukurasa) usemao `outline: none` upigwe marufuku darasani, kwa kuwa huondoa alama inayomwonyesha mtumiaji wa kibodi mahali alipo.

10. JavaScript, lugha inayofanya kazi ndani ya kivinjari, ije mwisho. Inaweza kutumika kuchuja vyumba bila kupakia ukurasa upya, kwa sharti kwamba fomu iendelee kufanya kazi JavaScript ikizimwa. Matokeo yakibadilika, idadi yake itajwe ndani ya elementi yenye `role="status"`, mfano "Vyumba 7 vimepatikana", ili kisoma skrini kitangaze badiliko ambalo mwenye macho ameliona. Elementi hiyo iwepo kwenye ukurasa tangu mwanzo ikiwa tupu. Ikiletwa pamoja na ujumbe wake, visoma skrini vingine havitaitangaza.

11. Wekeni kuingia kwa nywila. Tumieni `password_hash()` na `password_verify()`, badilisheni namba ya sesheni (kitambulisho cha mtu aliyeingia) mtu anapoingia, wekeni tokeni ya siri katika kila fomu ya POST ili tovuti nyingine isiitume kwa jina lake, na msizuie kubandika nywila, kwani toleo la 2.2 la WCAG linataka mtu asilazimishwe kukumbuka na kuchapa kila herufi. Hapa pia ndipo pa kuitaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: namba ya simu ya mwenye nyumba ni taarifa binafsi, hivyo fomu ieleze inachukuliwa kwa ajili gani na itaonekana na nani. Kwa mazoezi ya darasani tumieni namba za kubuni.

12. Pima kazi kwa kuitumia. Kila kundi likabidhi tovuti yake kwa kundi jingine, nalo liandikishe chumba na kukitafuta kwa kibodi pekee, kisha kwa TalkBack kwenye simu. Mgeni wako anayetumia kisoma skrini aje mara ya kwanza mnapomaliza hatua ya saba na mara ya pili hapa, na wanafunzi wanyamaze anapofanya kazi. Anayemwelekeza mgeni pa kubofya ameshakiri kasoro ya tovuti yake. Katika alama, napendekeza kazi isiyokamilishika kwa kibodi isivuke nusu, hata iwe nzuri namna gani kwa macho. Vipimo vya kiotomatiki kama Lighthouse vitumike, lakini alama 100 ya kifaa hicho si uthibitisho, kwa sababu kinaweza kuona kwamba picha ina maelezo bila kujua kama maelezo hayo ni ya kweli.

Darasa lenye simu nyingi na kompyuta chache

Wanafunzi wasio na kompyuta wanaweza kuwa wapimaji kamili. Simu moja iwashe hotspoti huku data yake imezimwa, kompyuta na simu nyingine ziunganishwe nayo, na seva iwashwe kwa `php -S 0.0.0.0:8000 -t wazi`. Simu zitafungua anwani ya ndani ya kompyuta hiyo ikifuatiwa na `:8000`, na mawasiliano hayo hayatumii bando. Seva hii ni ya majaribio tu na isitumike kamwe kuendesha tovuti ya umma.

Matatizo yanayojirudia na tiba zake

Ujumbe wa `could not find driver`. PHP haijapewa kiunganishi cha SQLite. Fungua faili la `php.ini`, ondoa nukta mkato mbele ya `extension=pdo_sqlite`, kisha zima na kuwasha seva. Kama folda ya PHP haina `php.ini`, nakili `php.ini-development` na ulipe jina hilo. Kwenye Windows hakikisha pia kwamba `extension_dir` inaelekeza kwenye folda ya `ext`.

Ukurasa unaonyesha msimbo wa PHP wenyewe, au hauonyeshi kitu. Mwanafunzi amelifungua faili kwa kulibofya mara mbili, na anwani inaanza na `file:`. Inapaswa kuanza na `http://localhost:8000`.

Simu haifiki kwenye seva. Karibu kila mara ni ngome ya Windows imezuia PHP, au seva imewashwa kwa `localhost` badala ya `0.0.0.0`.

Ukurasa unaandika `Ng&#039;hong&#039;hona`. Jina limepitishwa kwenye `htmlspecialchars()` mara mbili, mara ya kwanza wakati wa kuhifadhi. Ondoeni ile ya kwanza na msahihishe taarifa zilizokwisha kuharibika ndani ya hifadhidata.

Chumba kipo, lakini utafutaji wa maneno haukipati. Kompyuta huandika ritifaa iliyonyooka, ilhali baadhi ya simu huandika iliyopinda, na kwa hifadhidata hizo ni herufi mbili tofauti. Kwa uga wowote uliobaki wa kuandika, kama maelezo ya chumba, geuzeni ritifaa zilizopinda ziwe zilizonyooka kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta.

Alama za ajabu kama `â€™` zinatokea katikati ya maneno. Maandishi ni ya UTF-8, ila ukurasa unayasoma kwa usimbaji mwingine. Wekeni `<meta charset="utf-8">` mwanzoni mwa `head`. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida, kosa hili hujificha mpaka siku ritifaa iliyopinda inapoingia.

Picha haifiki, na hakuna ujumbe wowote. Kikomo cha kawaida cha PHP kwa faili moja ni MB 2, na picha ya simu nyingi za sasa hukivuka. Angalieni thamani ya `$_FILES['picha']['error']`, mwambieni mtumiaji kwa Kiswahili kilichotokea, na mwongeze `upload_max_filesize` pamoja na `post_max_size`.

Muda wa kuandikishwa uko nyuma kwa saa tatu. Seva inatumia saa za UTC. Andikeni `date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam');` mwanzoni mwa faili linaloitwa na kurasa zote. Tofauti ikiwa ni saa sita, tatizo haliko kwenye seva: mwanafunzi anasoma 14:00 akitarajia kuona saa nane, na hapo ukurasa uandike "saa 8 mchana" kama watumiaji wake wanavyosema.

NVDA inasoma Kiswahili kwa lafudhi ya Kiingereza ingawa `lang="sw"` ipo. Nenda kwenye mipangilio ya usemaji, hakikisha kisanisi (programu inayotoa sauti) kilichochaguliwa ni eSpeak NG na kwamba ubadilishaji wa lugha wa kiotomatiki umewashwa. Sauti nyingi zinazokuja na Windows hazina Kiswahili, na zikichaguliwa hakuna msimbo utakaozisaidia.